Gwaride la Kumbukumbu: Majina yanayosomwa na yasiyosomwa Kitale na Bungoma

KILA mwaka, Jumapili ya pili ya mwezi wa Novemba, wanajeshi, wastaafu wa jeshi, mabalozi na viongozi wa dini hukusanyika katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi kuwakumbuka waliofariki katika Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia. Ibada yenyewe ni fupi. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya kwa dakika mbili, mashada ya maua huwekwa mnarani, kisha gwaride hufumuliwa na kila mmoja hushika njia yake.

Desturi hiyo ililetwa humu nchini na Waingereza, na wakati wa ukoloni ilienea hadi miji midogo ya walowezi. Wengi huidhania kuwa shughuli ya wageni isiyowahusu wenyeji. Historia ya Kitale na Bungoma yaonyesha vinginevyo. Sehemu kubwa ya mashamba yaliyouzunguka mji wa Kitale iligawanywa kama tuzo kwa wanajeshi wazungu waliopigana Vita vya Kwanza. Bungoma na maeneo jirani yalitoa vijana waliobeba mizigo ya vita hivyo hivyo, na wengi wao walifia njiani pasipo jina lao kuandikwa kwenye jiwe lolote.

Kwa sababu hiyo, suala kuu linalozuka kila panapozungumzwa gwaride la kumbukumbu katika eneo hili si nani atakayeweka shada la kwanza, bali ni majina ya nani yatakayosomwa. Makala haya yanaeleza asili ya ibada hiyo, mpangilio wake, na mahali wanapoangukia watu wa Trans Nzoia na Bungoma katika kumbukumbu ya vita.

ASILI YA SIKU YENYEWE

Mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia barani Ulaya yalikoma saa tano asubuhi, tarehe 11 Novemba, 1918. Hapa Afrika Mashariki vita viliendelea kwa siku kadhaa zaidi, kwa kuwa habari hazikumfikia upesi Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akiongoza majeshi ya Ujerumani. Alisalimisha silaha rasmi tarehe 25 Novemba, 1918 mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Hivyo basi, saa ile ambayo dunia huikumbuka kuwa mwisho wa vita, wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa bado wamejitwika mizigo.

Desturi ya kunyamaza nayo ina mizizi Afrika. Mwaka 1918 wakazi wa Cape Town, Afrika Kusini, walikuwa wakisimamisha shughuli zao kila mzinga wa saa sita mchana ulipolia, wakawakumbuka waliokuwa vitani. Sir Percy FitzPatrick, mwandishi na mwanasiasa wa nchi hiyo aliyefiwa na mwanawe vitani mwaka 1917, alipendekeza desturi hiyo ifuatwe katika himaya yote ya Uingereza. Mfalme George wa Tano aliridhia, na dakika mbili za kimya zikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Novemba, 1919.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ibada kuu ilihamishwa kutoka tarehe yenyewe hadi Jumapili ya pili ya Novemba, ili watu wasikatizwe kazi. Ua jekundu la popi, ambalo wahudhuriaji hulivaa kifuani, lilichaguliwa kwa kuwa lilimea kwa wingi katika viwanja vya vita vya Ufaransa na Ubelgiji.

MPANGILIO WA GWARIDE NA IBADA

Mpangilio hutofautiana kidogo baina ya mji na mji, lakini nguzo zake ni zile zile. Gwaride hujipanga mapema na kuelekea mnarani au kanisani likitanguliwa na bendi. Nyuma ya wanajeshi huja wastaafu, polisi, maskauti na wanafunzi. Mstaafu huvaa medali zake kifuani upande wa kushoto. Mjane, mwana au mjukuu anayevaa medali za marehemu huzitundika upande wa kulia, na kwa alama hiyo pekee watu hutambua kwamba mwenye medali hayuko tena.

Wakishasimama katika nafasi zao, sala hutolewa na viongozi wa dini mbalimbali. Humu nchini, kwa kuwa waliopigana walikuwa Wakristo, Waislamu, Wahindu, Masingasinga na wafuasi wa dini za jadi, ni kawaida sala zitolewe na zaidi ya dini moja. Baada ya sala husomwa ubeti wa shairi ambalo Mwingereza Laurence Binyon aliliandika mwaka 1914, nao waliohudhuria huitikia kwa pamoja maneno ya ahadi ya kukumbuka.

Hapo mpiga tarumbeta hupiga mlio wa kuaga, ambao katika kambi za jeshi hupigwa siku inapokwisha. Bendera huteremshwa. Zifuatapo dakika mbili za kimya hakuna amri inayotolewa wala mguu unaosogezwa. Kisha tarumbeta hulia tena, mara hii mlio wa kuamsha, na bendera hupandishwa. Maana yake ni kwamba siku ya marehemu imekwisha lakini usingizi wake si wa milele.

Mashada huwekwa kwa zamu. Kwa kawaida huanza mwakilishi wa serikali, wakafuata makamanda, vyama vya wastaafu, jamaa za marehemu na watoto wa shule. Gwaride hupita mbele ya jukwaa, vichwa vikigeuzwa kulia kutoa heshima, na ibada ikafikia tamati. Mahali ambapo pana orodha ya majina, orodha hiyo husomwa kabla ya kimya au baada ya mashada. Hii ndiyo sehemu inayogusa zaidi katika miji midogo, kwa kuwa kila jina lina nyumba inayojulikana.

KITALE NA TUZO YA VITA

Walowezi wachache walikuwa wamefika Trans Nzoia kabla ya vita. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1919, serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi wazungu waliotumikia Uingereza. Zaidi ya ekari milioni mbili zilitengwa katika nyanda za juu za nchi, na waliobahatika walipatikana kwa bahati nasibu. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyogawanywa kwa njia hiyo. Mji wa Kitale ulikua kuwa soko na makao ya wakulima hao, na reli iliufikia mwaka 1926.

Katika mji wa namna hiyo, siku ya Novemba haikuwa sherehe ya mbali. Wakulima wengi wa wilaya walikuwa wenyewe maafisa wastaafu. Mmoja wao, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alikusanya vipepeo, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji, na mkusanyo wake ndio uliozaa Makavazi ya Kitale yanayotembelewa hadi leo.

Waafrika waliotumikia jeshi lile lile hawakuhesabiwa katika mgao wa ardhi. Askari wa kikosi cha King's African Rifles, maarufu kama KAR, hakupata shamba, na mpagazi hakupata hata fununu ya shamba. Baada ya vita walichokabidhiwa ni kipande, cheti cha utambulisho ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, aghalabu kikiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wengi wao walirudi Trans Nzoia wakiwa vibarua na maskwota katika mashamba ya wale waliopigana upande mmoja nao.

WAPAGAZI WA BUNGOMA

Wakati wa vita hivyo Bungoma ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini, katika mkoa wa Nyanza. Mkoa huo ulitoa wapagazi wengi kuliko sehemu nyingine ya nchi. Sababu ya kuwahitaji ilikuwa rahisi kueleweka. Kampeni dhidi ya Wajerumani ilipiganwa katika maeneo yasiyo na barabara, ambako mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe waliopelekwa kubeba vitu. Kila risasi, kila gunia la unga na kila kitanda cha majeruhi kililazimika kubebwa kichwani au begani mwa binadamu.

Sheria ya mwaka 1915 iliiruhusu serikali kuwaandikisha wanaume kwa lazima. Mwaka 1917, vita vilipohamia kusini mwa Tanganyika, kulifanywa msako mkubwa wa watu chini ya John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza hapo awali. Machifu waliamriwa kutoa idadi fulani ya vijana. Waliochukuliwa walikaguliwa na kupelekwa pwani au mpakani, wengi wao wakiwa hawajawahi kuvuka Mto Nzoia.

Waliowaua wapagazi hawakuwa Wajerumani kwa kiasi kikubwa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa kwa haraka ulidhuru matumbo ya watu waliozoea wimbi na mtama. Takwimu rasmi za Uingereza zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, nao wanahistoria waliochunguza baadaye wanaamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Kiswahili kimehifadhi jina la kikosi chao katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, mitaa iliyochipuka mahali palipokuwa na kambi zao.

Ujira ambao wafu hawakuwahi kuuchukua ulizua malalamiko ya miaka mingi. Familia nyingi hazikujulikana, orodha zilikuwa na kasoro, na fedha hizo hazikuwafikia jamaa za waliokufa.

KANUNI YA USAWA ILIYOVUNJWA

Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya kutunza makaburi ya vita ya himaya yake, ambayo sasa ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake kuu ilikuwa kwamba wafu wote ni sawa. Kila mmoja alistahili kutajwa kwa jina, ama juu ya kaburi lake ama katika mnara, bila kujali cheo, rangi wala dini.

Afrika Mashariki kanuni hiyo ilikiukwa. Katika makaburi ya Voi, Taveta na Maktau, wanajeshi wazungu walitengewa mawe yenye majina. Makaburi mengi ya askari na wapagazi Waafrika yaliachwa yamezwe na vichaka. Badala ya majina, zilijengwa sanamu. Sanamu ya watu watatu iliyosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo inaitwa Kenyatta Avenue, Nairobi, ina umbo la mpagazi kando ya wapiganaji wenye bunduki. Wapita njia huisoma kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, lakini hawakuti jina hata moja la mtu aliyekufa.

Mwezi Aprili 2021, tume hiyo ilichapisha ripoti ya uchunguzi kuhusu suala hilo na kuomba radhi. Ripoti ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina au hawakuadhimishwa kabisa. Tangu hapo juhudi zimekuwa zikiendelea za kusaka orodha katika hifadhi za nyaraka na kuyarejesha majina yanayoweza kupatikana.

KUTOKA GONDAR HADI BURMA

Vita vya Pili vya Dunia, kati ya 1939 na 1945, viliwachukua tena vijana wa magharibi mwa Kenya. Safari hii walio wengi walivaa sare na kufunzwa kazi: udereva, upishi, ufundi wa mitambo, upigaji simu na matumizi ya mizinga. Vikosi vya Afrika Mashariki vilipigana na Waitaliano nchini Ethiopia hadi ngome ya mwisho ya Gondar ilipoanguka Novemba 1941. Mwaka 1942 vilipelekwa Madagascar. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma na kusonga mbele katika Bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko, katikati ya matope na malaria, hadi kufika Mto Chindwin mwezi Desemba.

Msiba mkubwa kuliko yote uliwapata baharini. Tarehe 12 Februari, 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Japani katika Bahari ya Hindi. Watu wapatao 1,300 walifariki kwa muda wa dakika chache, miongoni mwao mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Tofauti na ndugu zao wa 1917, wengi wa waliofariki katika vita hivi waliandikwa. Katika makaburi ya Taukkyan, karibu na jiji la Yangon nchini Myanmar, umejengwa mnara wenye majina karibu 27,000 ya wanajeshi wa jeshi la Uingereza na himaya yake wasio na makaburi yanayojulikana, na Waafrika wamo. Jamaa zao wa Kimilili au Kwanza hawawezi kwenda huko kwa urahisi, lakini jina lipo na laweza kusomwa.

GWARIDE LA CHETAMBE

Bungoma ina kumbukumbu ya vita iliyo kongwe kuliko hizo zote. Juu ya mji wa Webuye, karibu na maporomoko ya Mto Nzoia, upo mlima wenye mabaki ya ngome ya Chetambe. Mwaka 1895, Charles Hobley aliongoza msafara wa kijeshi dhidi ya Wabukusu, ukiwa na askari wa Kisudani na wasaidizi kutoka Buganda na jamii nyingine. Ngome ya Lumboka ilivunjwa kwanza, kisha Chetambe. Mikuki na ngao havikufua dafu mbele ya bunduki, na waliouawa walikuwa wengi. Hao hawakuwekewa mnara wowote na serikali iliyowashinda.

Waliokumbuka walikuwa wazao wao. Mwezi Septemba 1947, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya wafuasi hadi Chetambe wakiwa wamevaa mavazi ya vita. Walikwenda kuwaombea na kuwatolea sadaka wazee waliofia pale miaka 52 iliyokuwa imepita. Ukiyatazama kwa makini mambo yaliyotendeka siku hiyo, utaona kwamba nguzo za gwaride la Novemba zilikuwepo: safari ya pamoja hadi mahali pa wafu, mavazi ya vita, sala, na heshima kwa waliotangulia.

Serikali ya kikoloni haikuliona hivyo. Kwake yeye, gwaride la Kitale lilikuwa ibada na lile la Chetambe lilikuwa uchochezi. Tarehe 10 Februari, 1948, polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, na watu 11 wakauawa. Masinde alikamatwa mwezi huo huo na kuhamishiwa mbali na kwao hadi mwaka 1961. Miongoni mwa waliovutiwa na mafundisho yake walikuwamo maskwota wa mashamba ya Trans Nzoia, na yapo mashamba ya walowezi yaliyochomwa moto.

KABURI TUPU

Mnara wa vita ambao Waingereza waliujenga London mwaka 1920, na ambao uliigwa katika miji mingi, una jina la Kigiriki lenye maana ya kaburi tupu. Wazo lake ni kwamba mwili uko mbali au haukupatikana, lakini walio hai wanahitaji mahali pa kusimama.

Jamii za magharibi mwa Kenya hazikuhitaji kufundishwa wazo hilo. Miongoni mwa Waluhya, mtu akifia ugenini na mwili wake usipatikane, yapo makabila yanayolizika shina la mgomba badala yake. Kaburi huchimbwa, ibada hufanywa, na familia huondoka ikijua kwamba marehemu amepewa haki yake. Bila hivyo, huaminika kwamba roho yake itakosa utulivu na walio hai watakosa amani.

Wabukusu wana pia desturi ya kumuse, ambayo hufanywa baada ya maziko ya mzee wa heshima. Msemaji aliyerithi kazi hiyo katika ukoo wake husimama mbele ya waombolezaji, fimbo mkononi, akatembea huku na huku akisimulia asili ya jamii, koo na nasaba zake, na vita vilivyopiganwa, na kuwaonya walio hai. Waliohudhuria huketi kimya. Haifai mtu kumkatiza wala kutembeatembea. Katika ibada ya Novemba, kimya cha dakika mbili huwekwa ili kila mtu akumbuke kivyake. Katika kumuse, kimya ni cha wasikilizaji, nayo majina hutamkwa kwa sauti mbele ya watu wote.

BAADA YA UHURU

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, 1963, vikosi vya KAR vilivyokuwa nchini viligeuka kuwa Kenya Rifles, na jeshi la taifa likazaliwa. Wastaafu walijipanga katika chama chao, kilichojulikana kwa muda mrefu kama KAFOCA na baadaye DEFOCA. Katika sherehe za taifa wananchi wamezoea kuona gwaride la heshima. Bungoma ilipata zamu yake tarehe 1 Juni, 2024, sherehe za Madaraka zilipofanyika katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi.

Jeshi nalo lina siku yake. Kila tarehe 14 Oktoba huadhimishwa Siku ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, kuwakumbuka waliofariki kazini, kwa kufungamanisha na kuingia kwa majeshi hayo Somalia mnamo Oktoba 2011. Kwa watu wa Kitale na Bungoma, kumbukumbu ya karibu zaidi ni ya El Adde. Tarehe 15 Januari, 2016, wapiganaji wa al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya nchini Somalia na kuwaua wengi. Kikosi kilichoathirika kilikuwa na makao yake katika kambi ya Moi mjini Eldoret, na huko ndiko ibada ya kitaifa ilikofanyika tarehe 27 Januari, ikihudhuriwa na Rais Uhuru Kenyatta pamoja na marais wa Nigeria na Somalia. Hata hivyo, serikali haikuutangazia umma idadi kamili ya waliouawa.

Lipo jambo jingine ambalo ibada yoyote ya kijeshi katika eneo hili haiwezi kulipuuza. Kuanzia mwaka 2006, kundi la Sabaot Land Defence Force lilitesa na kuua mamia ya wakazi wa Mlima Elgon kwa sababu ya mzozo wa ardhi wa Chepyuk. Mwezi Machi 2008 jeshi lilipelekwa katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na kundi hilo likavunjwa. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yaliripoti kwamba wakati wa operesheni hiyo wanaume wengi waliteswa na wengine kutoweka. Jeshi lilikanusha madai hayo. Zipo familia ambazo ziliwapoteza wapendwa wao mikononi mwa kundi hilo, na zipo zinazosema waliwapoteza mikononi mwa walinda usalama. Gwaride likipita Kapsokwony au Cheptais, wote hao huwa kando ya barabara.

JINSI JINA LINAVYOPATIKANA

Mwezi Novemba 2023, Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza alizuru makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, akakutana na wakongwe wachache wa KAR na kuwakabidhi medali badala ya zile walizokuwa wamezipoteza au kuzitupa zamani. Waliosalia ni wa kuhesabika kwa vidole. Waliobeba mizigo mwaka 1917 hakuna tena aliye hai, na hata watoto wao wengi wamekwisha kufariki.

Familia inayotaka kumtafuta ndugu yake ina njia kadhaa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina katika mtandao wa intaneti, nayo hutafutwa bila malipo kwa jina, kikosi au nchi. Mtafutaji azingatie kwamba makarani wa wakati huo waliandika majina ya Kiafrika kadiri walivyoyasikia, hivyo Wanjala, Wafula au Simiyu laweza kupatikana kwa tahajia tatu au nne. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka jijini Nairobi ina majalada ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini na ya Trans Nzoia. Medali za Vita vya Kwanza na zile za KAR zilichongwa jina na nambari ya mwenyewe pembeni, na nambari hiyo husaidia kuliko jina.

Pasipokuwa na karatasi, yapo masimulizi. Nasaba zinazotajwa katika kumuse, majina ya rika la tohara yanayofungamana na miaka ya vita, na habari za shina la mgomba lililozikwa mahali fulani katika boma, yote hayo ni ushahidi ambao tume ya makaburi haina namna ya kuupata isipokuwa kwa wenyeji. Yanapaswa kuandikwa pamoja na jina la ukoo, kijiji na mwaka unaokisiwa, kisha nakala ihifadhiwe katika maktaba ya kaunti, shuleni au katika Makavazi ya Kitale.

Ibada ya kumbukumbu katika mji mdogo haihitaji bendi kubwa wala mgeni wa heshima kutoka mbali. Yahitaji mahali pa kusimama, mtu wa kupiga tarumbeta au ngoma, na orodha. Kitale na Bungoma hazikosi mahali wala watu wa kupiga ngoma. Kazi iliyobaki ni kuikamilisha orodha, ikianza na Chetambe mwaka 1895, ipitie kwa wapagazi wa 1917 na askari wa Burma, hadi kwa vijana wa El Adde.